Intaneti ya Karatasi Sita

Kazini walimwita Sururu. Jina alilipata akiwa na miaka kumi na sita, siku ya kwanza alipokabidhiwa sururu na kuambiwa achimbe kutoka nguzo hii hadi ile. Alichimba akaipita nguzo ya pili kwa hatua kumi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimame. Sasa ilikuwa imepita miaka thelathini na moja. Alikuwa msimamizi wa kikosi cha watu wanane waliochimba mitaro na kulaza nyaya za intaneti, na mwenyewe alikuwa amejifunza kuziunga, zile za kioo, nyembamba kama unywele. Shule aliiachia darasa la sita na hakulificha hilo. Alikuwa mtu wa kulisema jambo lilivyo, upende usipende.

Kitinda mimba wake alikuwa na miaka kumi na mmoja, yuko darasa la tano. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipoanza kusema hakunyamaza, na jina hilo lilimfuata mpaka shuleni.

Jumatatu alirudi na habari.

"Baba, mwalimu anasema Ijumaa uje utueleze intaneti ilitoka wapi."

"Mimi?"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu ni kuipitisha. Ilikotoka haijaniambia."

Mkewe, fundi cherehani, alicheka mpaka akatoa mguu kwenye mashine. "Leo umepatikana, baba Chiriku. Kila siku unawaambia watu hawajui kitu. Haya, nenda ukatueleze."

"Nitauliza," Sururu alisema. "Kuuliza si ujinga."

Akauliza kweli. Injinia wa kampuni yao alikuwa mwanamke asiye na makuu. Alikuwa akila chakula cha mchana ameketi juu ya bomba pamoja na wachimbaji. Kwa siku tatu mfululizo alimweleza Sururu huku wakila, na Sururu akaandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi za kazi. Pale asipoelewa alisema, "Injinia, hapo umeniacha, rudi nyuma." Injinia alirudi nyuma. Siku ya pili alimfundisha mchezo wa kuwachezesha watoto. Jioni hiyo Sururu akakaa mezani na mkasi, akaandika barua fupi, akaikata vipande sita, kisha akaandika vipande vingine sita kama vile, akavitia vyote kwenye bahasha.

Alhamisi Chiriku alimpa masharti.

"Vaa shati jeupe. Na viatu vya ngozi, si buti."

"Sawa."

"Na usije na gari la kazi."

"Kwa nini?"

"Lina matope."

"Gari la kazi lisilo na matope ni gari la maonyesho."

"Baba, tafadhali."

Mama yake alimtazama juu ya miwani. "Chiriku, una nini wewe?"

"Sina kitu, Mama."

Mtoto mwenye maneno mengi akijibu kwa maneno matatu, ujue kipo kitu. Lakini mteja alikuwa akigonga mlango, na mazungumzo yakakatika hapo.

Ijumaa saa nne kasorobo Sururu alifika shuleni kwa miguu, shati limepigwa pasi, viatu vinambana. Chiriku alikuwa akimsubiri kwenye baraza la darasa. Akamshika mkono, akamvutia nyuma ya pipa la maji.

"Baba, nimewaambia wewe ni injinia."

"Umewaambia nani?"

"Darasa zima. Na mwalimu."

"Kwa nini?"

Maneno yakamtoka mtoto kama maji ya bomba lililopasuka. Mtoto wa daktari wa meno alimwona Sururu mtaani kwao, amechuchumaa ndani ya mtaro, kichwa tu ndicho kinachoonekana. Kesho yake akaja shuleni akamwita Chiriku mtoto wa fuko. Darasa zima likadaka. Akipita, wenzake wanakwaruza meza kwa kucha kama fuko anayechimba. Ndipo akawaambia kwamba baba yake alikuwa akikagua tu, yeye ni injinia. Wakaacha.

"Wakijua, nitakuwa fuko mpaka nimalize shule. Leo tu, Baba. Hata usiseme. Wakikuita injinia, wewe itikia kwa kichwa."

Mara mlango ukafunguliwa. Mwalimu alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye chaki mpaka kwenye nywele.

"Karibu sana, Injinia! Tumekusubiri kwa hamu."

Watoto arobaini na wawili wakasimama. "Shikamoo, Injinia!"

"Marahaba," alisema Sururu. Kichwa hakukitikisa, wala hakukanusha. Chiriku akapita chini ya kwapa lake akaenda kuketi safu ya mbele, mikono ameibana katikati ya magoti.

Sururu akaigusa bahasha mfukoni. Yale aliyoyaandika humo aliyajua kwa moyo, na alijua yatakachofanya yakisomwa. Angeweza kusema ameisahau nyumbani. Lakini bila ule mchezo hakuwa na somo. Nusu ya maarifa aliyopewa juu ya bomba ilikuwa ndani ya bahasha ile, na hakuwa mtu wa kubuni mambo papo hapo. Akaamua aanze kwanza, mengine yatajulikana mbele.

"Zamani," alisema, "kompyuta moja ilikuwa kubwa kama chumba hiki."

"Uongo!" alisema mtu nyuma.

"Nyamaza, sijamaliza. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na tisa, mimi sijazaliwa, mwalimu wenu hajazaliwa."

"Mimi nilikuwa nimezaliwa," alisema mwalimu, na watoto wakacheka.

"Basi mwalimu wenu alikuwepo. Huko Amerika serikali, upande wa ulinzi, ilikuwa ikiwalipia wasomi wa vyuo vikuu kompyuta hizo. Zilikuwa ghali na zilikuwa chache, na kila chuo kikitaka yake. Mwishowe wakasema, badala ya kununua nyingine kila uchao, tuziunganishe hizi zilizopo, wa huku atumie ya kule. Wakaanza na mbili. Katikati yake kulikuwa na umbali wa kama kilomita mia tano na sitini. Mwanafunzi mmoja huku akataka kuingia kwenye kompyuta ya kule. Alitakiwa aandike neno la herufi tano."

Akaandika ubaoni LOGIN, yaani "ingia" kwa Kiingereza, herufi kubwa zilizopinda.

"Akaandika L. Akashika simu, akauliza, mmepata L? Wakajibu, tumepata. Akaandika O. Mmepata O? Tumepata. Akaandika G. Kompyuta ya kule ikaanguka."

"Chini?" aliuliza msichana mmoja.

"Si chini. Ilizima. Kama simu inavyokugandia mkononi. Ilichukua kama saa moja hivi kuirudisha, ndipo neno zima likapita. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa ulikuwa herufi mbili, na mtumaji mwenyewe alikuwa ameshika simu akiuliza kama zimefika."

Darasa likacheka. "Si angewaambia tu kwa simu!" alisema mtoto wa daktari wa meno. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa, ameketi meza ya mwisho. Sururu akamtambua kwa jinsi Chiriku alivyokaza shingo.

"Umesema vizuri," Sururu alimjibu. "Lakini kitu kikiwa kipya lazima uulize kila hatua. Hata sisi kazini..."

Akaishusha chaki.

Alitaka kuwaambia kuhusu mtaro. Kikosi chake kilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: usiufukie mtaro kabla mtu wa upande wa pili hajasema "nimepata". Unamulika taa nyekundu kwenye waya huku, yule wa kule, labda kilomita mbili mbele, anatazama ncha yake, akiona wekundu anapiga simu anasema nimepata. Neno hilo tu. Mwaka mmoja mvua ilikuwa ikija, Sururu akafukia bila kusikia neno lile. Wakasawazisha, wakashindilia, wakaondoka. Kesho yake wakaambiwa upande wa pili ni giza. Walichimba upya siku mbili kwenye tope, na kosa lilikuwa kwenye kiungo alichokifunga mwenyewe kwa mikono yake. Hadithi hiyo aliipenda. Huwa anawasimulia wachimbaji wapya wote.

Lakini Chiriku alikuwa akimtazama bila kupepesa macho, naye akaiacha hadithi.

"Hata sisi kazini tunauliza," alimaliza, akageukia ubao.

Akawaeleza la pili. Barua ya intaneti haiendi nzima. Hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikaandikwa kinakotoka, kinakokwenda na nambari yake. Vikishaachiwa, kila kimoja kinajitafutia njia. Kimoja chaweza kupita kushoto, kingine kulia, cha tano kikafika kabla ya cha kwanza. Anayepokea anavipanga kwa nambari na kuisoma barua. Watu walikuwa wameliwaza jambo hilo mbalimbali, Amerika na Uingereza, hata kabla hawajafahamiana.

"Na kipande kikipotea?" aliuliza mwalimu.

"Hapo ndipo penye akili. Aliyetuma hatupi nakala yake mpaka aambiwe kimefika. Asipoambiwa, anatuma tena. Sasa tutacheza. Nataka watu sita wa kubeba, na mmoja wa kupokea."

Mikono ikainuka msitu mzima. Mwalimu akakata shauri: safu ya mbele itabeba, meza ya mwisho itapokea. Safu ya mbele walikuwa sita, na Chiriku mmojawao. Mpokeaji alikuwa mtoto wa daktari wa meno, ambaye alishajipangusia meza kwa mkono wa sweta.

Sururu akaitoa bahasha. Akawapa karatasi zikiwa zimekunjwa, mmoja mmoja, bila kutazama nambari.

"Asipite mtu njia moja na mwenzake. Haya!"

Ikawa vurugu tupu. Mmoja akatoka nje ya mlango akaingia kwa dirisha la nyuma, mwalimu akipiga kelele. Wawili wakagongana kati ya meza. Mwingine akatambaa chini, akakanyagwa kidole. Mtoto wa daktari wa meno akapokea vipande, akavipanga, akavihesabu, akainua kichwa.

"Viko vitano. Cha tatu hakipo."

"Soma vilivyopo," alisema mwalimu.

Akasoma kwa sauti. "Hamjambo, wanafunzi wa darasa la tano. Mimi ni baba yake Chiriku. Na kuunga nyaya ndani yake."

Darasa likaanguka kwa kicheko. "Chiriku ana nyaya ndani!" "Ndiyo maana hanyamazi!" "Mzimeni!" Mwalimu naye akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Endelea," alisema Sururu.

"Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Intaneti yenu inapita humo." Kijana akakuna kichwa. "Humo wapi? Injinia, cha tatu hakijafika. Tuma tena!"

"Tuma tena! Tuma tena!" wakaitikia wote wakigonga meza.

Sururu hakuhitaji kuuliza kilipo. Chiriku alikuwa amerudi kuketi mahali pake mapema mno, na alikuwa amekaa upande mmoja kama mtu aliyekalia jiwe. Ncha ya karatasi ilionekana chini ya sketi.

Nakala alikuwa nayo mkononi. Karibu yake alisimama msichana wa safu ya pili, mkono ameunyoosha, akirukaruka. "Nipe mimi, Injinia, nitafikisha!" Angempa, kipande kingefika kwa hatua nane. Hilo ndilo somo lenyewe, ndivyo alivyofundishwa juu ya bomba: njia moja ikiziba, kipande kinapita nyingine, na aliyeziba hana la kufanya. Angeweza pia kuirudisha karatasi mfukoni, akasema na tuendelee, na bintiye akatoka hapo mtoto wa injinia.

Akaikunjua, akaisoma tena. Maneno matano. Hapakuwa na tusi ndani yake.

"Intaneti ingempa huyu," alisema, akimwonyesha msichana wa safu ya pili. "Haingoji mtu. Lakini mimi nitatuma kwa njia ileile."

"Njia ileile imeziba!" alisema mtoto wa daktari wa meno.

"Najua."

Akaenda mpaka kwenye meza ya Chiriku, akaiweka karatasi mbele yake, akarudi ubaoni. Hakumkazia macho wala hakumtolea jicho la huruma. Alisimama tu kama anavyosimama kando ya mtaro akimngoja mtu wa upande wa pili. Kelele zikapungua zenyewe. Mwalimu akamtazama baba, akamtazama mtoto, na kwa kuwa alikuwa ameshafundisha miaka mingi, akavuta kiti akaketi.

Chiriku akaishika karatasi. Akaitoa na ile aliyoikalia, imekunjamana. Akasimama nazo zote mbili, akatembea katikati ya meza polepole, mwendo wa mtu anayepelekwa kwa muuguzi kuchomwa sindano. Alipofika meza ya mwisho hakumkabidhi yule kijana. Aligeuka akasoma mwenyewe.

"Kazi yangu ni kuchimba mtaro."

Mtoto wa daktari wa meno akaukwaruza ubao wa meza kwa kucha. Krr, krr. "Fuko! Si nilisema? Fuko!"

"Baba yako naye anachimba meno ya watu," alisema Chiriku. "Wangu hachimbi mdomoni."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu akapiga rula mezani mara nne. Kijana akainamisha kichwa, na wa jirani yake akamfungulia kinywa, "Aaa," akimwonyesha jino. Si wote waliocheka upande wa Chiriku. Wawili watatu waliendelea kukwaruza meza kichinichini. Mmoja alisema, "Kumbe mwongo," na Chiriku alisikia, akatazama sakafu.

"Sasa ziko mbili," alisema msichana wa safu ya pili, ambaye hakuwa amesahau somo. "Cha tatu kimefika mara mbili. Tufanye nini?"

"Kimoja kinawekwa, kingine kinatupwa," alisema Sururu. "Swali zuri. Na mimi si injinia, mwalimu. Injinia wetu ni mama mmoja, mambo haya yote amenifundisha yeye. Mimi ni msimamizi wa wachimbaji. Niitwe Sururu, inatosha."

"Karibu basi, Mzee Sururu," alisema mwalimu, na akaandika jina hilo ubaoni kama lilivyo.

Ndipo akawasimulia hadithi ya mtaro aliofukia bila kusikia "nimepata". Safari hii ilitoka yote, tope na mvua na giza la upande wa pili. Maswali yakaja kama mawe. Je, intaneti haitoki angani? Nyingine hutoka angani, akasema, lakini iliyo nyingi inapita kwenye nyaya, ardhini na chini ya bahari. Mwenyewe nani? Hana mwenyewe mmoja, kila mtu ana kipande chake na wote wamekubaliana kusemezana lugha moja. Panya wakitafuna? Wanatafuna, na sisi tunachimba tena. Mmewahi kukuta mfupa? Tumewahi, wa ng'ombe. Kengele ikalia mtoto mmoja akiwa bado ananyoosha mkono.

Nje kwenye baraza Chiriku alimfuata mpaka kwenye pipa la maji.

"Umeniaibisha."

"Uongo ulikuwa wako."

"Ndiyo, lakini umeniaibisha."

Sururu alivua kiatu kimoja, akakanyaga sakafu ya baridi kwa soksi. "Nilipofika hapa na ukaniambia, nilipaswa kukwambia palepale kwamba sitaweza. Sikukwambia. Nikaingia ndani nikakuacha unatumaini. Hilo ni langu, nalikubali."

"Ungempa yule mwingine karatasi."

"Ningempa, ingefika. Nilitaka ifike na wewe."

"Na kama nisingesimama?"

"Sijui. Viatu hivi vilikuwa vinaniua. Labda ningeketi."

Chiriku hakucheka, lakini alimshikia kiatu wakati akifungua kamba za kile cha pili. Kisha akarudi ndani bila kumuaga. Bado alikuwa na vipindi vitatu vya kukaa na wenzake, na huko baba hawezi kumsaidia mtu.

Saa kumi na moja jioni Sururu alirudi kutoka kazini, buti miguuni, matope mpaka magotini. Mkewe alikuwa barazani akimpima mteja gauni, pini nne mdomoni. Chiriku alikuwa ameketi juu ya ngazi, amemgeukia mteja, na mikono yake haikutulia.

"...halafu wanashuka chini huko, shangazi, mita tano! Ukitazama juu unaona mbingu kama kisahani. Na baba yangu ndiye wa kwanza kushuka, wengine wanaogopa."

"Mita tano!" alisema mteja. "Maskini, hewa wanaipata wapi?"

"Wanazoea."

Mkewe, kwa kuwa hawezi kusema na pini mdomoni, alimkazia Sururu macho na kutikisa kichwa polepole: mwache, mwache leo.

Sururu akajipangusa buti kwenye mkeka wa mlangoni, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Alijaribu. Mungu anajua alijaribu.

"Mita moja na sentimita ishirini," alisema.

"Baba!"

"Penye mwamba, themanini."

Pini zikamtoka mkewe mdomoni, zikatawanyika barazani, na wote wanne wakainama kuziokota.